Usivuke Kijani

Jumamosi iliyopita nilimshika kijana wa watu kifundo cha mkono kwa nguvu hadi akaangusha mkasi. Alikuwa amekuja kwangu, mjini Mbulu, kupunguza uzio wa misaiprasi, ile miti ambayo kwetu wengi huiita miti ya Krismasi. Alianza vizuri. Kisha akaona tawi moja nene limechomoza kuliko mengine, akaingiza mkasi ndani kabisa, kwenye lile giza la vijiti vikavu, na mimi niliyekuwa nimeketi barazani na kitabu changu nikajikuta nimesimama kando yake, nimemkamata.

"Shikamoo, mama," alisema kwa hofu, ingawa tulikuwa tumekwisha kusalimiana asubuhi.

Nilimwachia. Nilimwomba radhi, jambo ambalo si desturi yangu, nikamwonyesha mpaka ambao mkasi haupaswi kuuvuka. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Hakujua, na asingeweza kujua, kwamba sauti ile ya chuma ikiuma mti mkavu ilikuwa imenirudisha Tumati, kwenye mwaka wangu wa kumi na moja, na kwamba kwa muda ule mfupi sikuwa nimeushika mkono wake yeye.

Rafiki yangu unayesoma, nyumba yetu ya Tumati ilikuwa kwenye mteremko. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ng'ombe tuliwajua kwa kengele zao kabla ya kuwaona. Bibi, mama yake baba, alikuwa amepanda uzio wa misaiprasi hatua arobaini kwenda juu, kati ya ua wetu na ua wa jirani. Miche alipewa na bwana bustani wa misheni, akaibeba kichwani kwenye ungo, akaipanda kwa kamba. Watu walimcheka. Uzio wa watu wenye akili, walisema, ni mchongoma: una miiba, na ukiukata vyovyote vile utachipua. Bibi alijibu kwamba hapandi kitu cha kuwachoma wanawe.

Alisema wanawe, kwa wingi, ijapokuwa mmoja tu ndiye aliyetoka tumboni mwake. Mama wa yule jirani alifariki siku ya kumzaa, na bibi, aliyekuwa na baba yangu mchanga kifuani, alimchukua yule yatima akamnyonyesha titi la pili. Wanaume wale wawili walikua wakigombania kifua kimoja, wakachunga pamoja, wakaoa mwaka mmoja. Walipojenga nyumba zao bega kwa bega, bibi aliweka uzio kati yao, akahakikisha hauzidi kimo cha kifua. Ndugu wanahitaji mpaka, alisema, lakini lazima waweze kuonana nyuso juu yake. Sisi watoto tulimwita jirani yule baba mdogo, na hatukuona ajabu yoyote.

Usidhani kwamba utoto huo ulikuwa laini. Bibi aliutunza uzio ule kwa mkono wa chuma. Nguo zilizolowa hazikuanikwa juu yake. Mimi nilianika gauni langu la shule siku moja tu, na fimbo niliyochapwa niliambiwa niichume mwenyewe kutoka kwenye mti niliouelemea. Mbuzi wa mtu mmoja wa bondeni aliyezoea kuja kutafuna vikonyo alirudi kwao akiwa na sikio nusu. Hata vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya utomvu hadi mti ukapauka, bibi aliwaua kwa maji ya sabuni akiwatukana mmoja mmoja kama watu wenye majina. Samadi aliiweka kuzunguka shina lakini bila kuligusa, kwa sababu, alisema, mtu hulishwa mdomoni, halundikiwi chakula shingoni. Alipokata tawi lenye ugonjwa alipitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mti mwingine. Aliukata uzio uwe mpana chini na mwembamba juu, ili miguu yake ione jua.

Lakini amri iliyokuwa juu ya zote ilikuwa moja. Ukifunua matawi ya msaiprasi utaona kwamba kijani ni nguo tu, kina cha kiganja kimoja; ndani yake ni vijiti vya kahawia, vikavu, visivyo na jani. Bibi alitufundisha kukata ndani ya ile nguo, mara kwa mara na kidogo kidogo. "Usivuke kijani," alituambia. "Mchongoma husamehe. Huu hausamehe. Ukiukata hadi kwenye kahawia, pale hapatarudi jani mpaka unazikwa." Alipigilia vigingi viwili, akafunga kamba ya katani kati yake, na kamba hiyo ndiyo iliyokuwa sheria.

Kila mwaka, mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha ardhi na Krismasi ikikaribia, baba na baba mdogo walikata uzio siku moja, kila mtu upande wake, wakitupiana maneno juu ya miti. Harufu ya utomvu ilijaa ua mzima, ikichanganyika na moshi wa makande. Walitaniana bila huruma: huyu alikuwa mchoyo wa titi, yule alimng'ata mama. Kisha walikunywa pombe ya mtama kutoka kibuyu kimoja, na bibi aliwatazama kama mkulima anayetazama shamba lake.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, tulipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa vitu, malori ya wafanyabiashara yakapanda milima yetu kutafuta vitunguu saumu na maharage, na watu waliozoea kusaidiana wakaanza kupimana kwa macho. Sisemi kwamba biashara ni uovu. Nasema tulipokea uhuru wa kununua kabla ya kujifunza adabu ya kuwa na kitu ambacho ndugu yako hana. Baba mdogo alifanikiwa kwenye vitunguu. Baba yangu hakufanikiwa. Mwaka ule ndugu yake alishuka hadi wafugaji wa upande wa Gehandu, huko Hanang, akarudi kwa miguu na dume la ng'ombe jeusi lenye pembe za upana wa mlango.

Dume lile lilikuwa la nyanda. Halikujua uzio wa kupendeza ni kitu gani. Lilipoona kichaka kirefu kilichosimama mbele yake, lilifanya kile ambacho madume hufanya: liliinamisha kichwa, likaingiza pembe na kutikisa. Siku ya kwanza liling'oa matawi ya miti mitatu. Bibi alikata vizuri yale majeraha yaliyochanika, akafunga matawi yaliyosalia kwa katani ili yaelekee kwenye pengo, na akamwomba baba mdogo alifunge dume lake. Aliahidi. Baba yangu alisema kwa sauti iliyosikika pande zote mbili kwamba tajiri hafungi mali yake, huiachia ikatembee juu ya watu. Baba mdogo alijibu kwamba mtu asiye na dume asiwafundishe wengine kamba.

Mchana wa pili dume lilipita moja kwa moja, likaingia uani kwetu na msaiprasi mzima ukining'inia kwenye pembe zake. Baba alikuwa na panga mkononi. Hakulipiga kichwani wala mgongoni. Alizunguka nyuma yake, akaukata mshipa mkubwa wa kisigino, kisha akaukata wa pili. Nimesikia sauti nyingi maishani, lakini sijasikia nyingine kama ya mnyama mkubwa anayejaribu kusimama kwa miguu isiyomtii. Liliketi kama mbwa na kulia. Baba mdogo alipitia kwenye lile pengo na rungu, akalitazama, kisha akamtazama ndugu yake.

Walipigana kwenye pengo la uzio, mmoja huku na mmoja kule, wakikanyaga vipande vya miti. Baba mdogo alimpiga baba mkononi na panga likaanguka. Aliliokota yeye. Baba alinyakua fimbo ya kuswagia ng'ombe, akamchoma nayo usoni, na wakati huohuo panga lilishuka. Majirani walipofika, ndugu yake baba alikuwa amepoteza jicho la kulia, na baba vidole viwili vya mkono wa kushoto. Damu ilikuwa juu ya majani yale ya kijani kama rangi aliyomwagiwa mtu. Bibi alitembea katikati yao akiwa ametandaza kanga mikononi. Mama alininong'oneza kwamba alikuwa anatafuta vidole.

Wazee wa kitongoji walikaa siku tatu. Panga lile baba mdogo alikuwa hajalirudisha, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Wazee walijua kwamba wanaume wale hawatapatanishwa kwa maneno, kwa hiyo waliamua jambo ambalo hadi leo naliheshimu kwa ukali wake. Kondoo achinjwe, pombe ipikwe, na siku ya kukata uzio itakapofika, kila mmoja avuke akakate upande wa mwenzake, ndani ya ua wa mwenzake, kwa chuma kitakachotoka mkononi mwa mwenzake. Mtu anayeweza kukukabidhi chuma chake na kukugeuzia mgongo, mzee mmoja alisema, huyo amekusamehe.

Siku hiyo ilifika wiki mbili kabla ya Krismasi. Kondoo alichinjwa uani kwetu, na wazee waliketi kando ya ukuta wa nyumba kwenye jua la asubuhi. Bibi alipigilia vigingi vyake pande zote mbili, akanyoosha kamba, akaenda jikoni kusimamia nyama. Baba mdogo alikabidhiwa mkasi mkubwa wa baba. Naye, kwa sababu hakuwa na chuma kingine kikali, au kwa sababu nyingine ambayo Mungu anaijua, alimkabidhi baba lile panga.

Mimi nilipelekwa na baba upande wa pili ili niangalie kigingi cha juu kisilegee. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Mwanzoni alikata kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona kwake, akishikilia matawi kwa mkono wenye vidole vitatu, majeraha yake bado mekundu. Upande wetu nilisikia mkasi ukienda sawasawa. Nilianza kuamini. Ng'ambo ya uzio kichwa cha baba mdogo kilionekana, na kitambaa cheupe juu ya jicho lake.

"Ndugu yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya miaka yote, "kumbe kwa vidole vitatu unakata vizuri kuliko ulivyokata kwa vitano."

Wazee walicheka. Ulikuwa utani wa nyumbani, na baba wa mwaka uliotangulia angerudisha kwamba kipofu asimsifu fundi. Nilingoja aseme hivyo. Alisimama na panga limening'inia, akiutazama mkono wake.

"Sogeza kigingi," aliniambia.

"Baba, bibi amesema—"

"Nimesema sogeza."

Niliogopa. Ningependa kuandika kwamba kulikuwa na sababu nyingine, lakini niliogopa tu, kwa kuwa niliijua fimbo ya baba na niliijua sura ile. Niling'oa kigingi nikakipigilia ndani, kiganja kimoja, kisha kiganja kingine, hadi kamba ikapita katikati ya vijiti vya kahawia. Baba akaanza kukata. Hakukata tena kama mtu anayenyoa. Alikata kama mtu anayechinja. Vipande viliruka, utomvu ulimrukia usoni, na upande mzima wa jirani, hatua arobaini, ulibaki uchi, mifupa mitupu iliyosimama mstarini.

Bibi alipotoka jikoni na sinia la nyama, alisimama. Aliangalia miti, aliangalia kamba, aliangalia kigingi. Kisha aliniangalia mimi. Hakunipiga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani kupigwa.

Watu walimtuliza kwamba masika yataponya. Baba mwenyewe alisema kwa ukali kwamba mti ni mti, utachipua, na ndugu yake atakaa na aibu ya msimu mmoja tu, nayo itamtosha. Nadhani aliamini hivyo. Alikuwa mtu wa michongoma, kama karibu kila mtu wa nyanda zetu: tumezoea kukata hadi shinani, na tumezoea kwamba kilichokatwa hurudi.

Bibi alijua, lakini alifanya yote. Alikwangua gome kwa ukucha akatafuta ubichi. Alibeba maji, alibeba samadi, alifunika mashina kwa majani makavu, aliwazuia vidukari kwa sabuni mpaka mikono yake ikachubuka. Mvua ya masika ilinyesha vizuri mwaka ule. Mahindi yalisimama, nyasi zilifika magotini, na upande ule wa uzio haukutoa hata jani moja. Kisha ugonjwa uliingia kupitia majeraha. Upande wetu, aliokata baba mdogo kwa ustadi, nao ukaanza kupauka, kwa sababu mti ni mmoja hata ukiwa na nyuso mbili.

Mvua zilipokwisha, bibi alivunja fimbo kwenye tawi lililokufa, akamwita baba. Mwanamume wa miaka arobaini alipiga magoti katikati ya ua, mbele ya mkewe na watoto wake, na mama yake akamchapa hadi mwenyewe akaishiwa pumzi. Baba hakuinua mkono. Kisha bibi alizunguka hadi mlango wa jirani amchape na yule mwingine, kwa kuwa, alisema, anayemcheka mwenye jeraha ameshika panga pia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Aliuchapa mlango. Tulimsikia akiita jina lake la utotoni, akichapa na kuita, mpaka fimbo ikavunjika.

Mwezi wa nane baba mdogo aliuchoma moto uzio. Msaiprasi mkavu hauungui, hulipuka. Moto ulipanda kuliko mapaa, mabati yetu yalilia kwa joto, na ndama wetu mmoja aliyefungwa karibu aliungua mgongo, ikabidi achinjwe. Bibi alisimama akitazama mpaka ikabaki mistari ya majivu. Aliishi miaka miwili zaidi, wala hakupanda kitu kingine. Siku ya maziko yake wanawe walisimama pande mbili za kaburi, kila mmoja akatupa udongo wake, na kila mmoja akaondoka kwa njia yake. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa na wapimaji wa viwanja wakapita kwetu, baba mdogo alijenga ukuta wa matofali palepale, mrefu kuliko mtu, wenye chupa zilizovunjwa juu.

Mimi si mtu wa kusema chuma ni kibaya. Uzio usiokatwa kabisa huwa mrefu na mtupu miguuni, na mbuzi yeyote hupenya. Wazazi wa siku hizi wanaojivuna kwamba hawamkemei mtoto wangetazama uzio kama huo. Lakini kwa miaka yote niliyosimama mbele ya madarasa nimejiuliza kabla ya kila adhabu kama bado niko ndani ya kijani. Mara mbili sikuwa. Wanafunzi hao wawili nawajua kwa majina, na hawanisalimu.

Jumapili, siku moja baada ya kijana yule kuangusha mkasi, nilikwenda Tumati. Kabla ya kuingia kwa baba nilipiga hodi upande wa pili wa ukuta, kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu. Mzee alikuwa ameketi juani peke yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Alinigeuzia jicho lake moja, akanitambua, akanionyesha kigoda.

Nilimweleza kile ambacho sikuwahi kumweleza mtu: kwamba kigingi nilikisogeza mimi. Alikwaruza udongo kwa mkongojo, akakohoa.

"Nilikuona, mwanangu," alisema. "Nilikuwa ng'ambo, nakutazama juu ya miti. Ningesema neno moja, baba yako angesimama. Nilitaka avuke."

Nilimuaga, nikazunguka ukuta nikaingia kwetu. Hakuna harufu ya utomvu tena pale, wala kengele za ng'ombe asubuhi, na mahali ambapo nyuso mbili zilitaniana juu ya majani pana saruji na vioo. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mgongo ukutani, mkono wa vidole vitatu juu ya goti. Siku hizi hasikii vizuri, sauti za ng'ambo ya ukuta hazimfikii tena, na huwa ananiuliza swali lilelile kabla hata sijaweka mkoba chini.

"Umemsikia huyo wa upande wa pili?" aliuliza. "Amekohoa leo?"

"Amekohoa, baba," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaegemea ukuta.